Kama Aliyeitwa Mezani

Mama alimleta jikoni ndani ya sweta,
Mei ya mvua ya mawe,
mwanakondoo wa ukubwa wa kiatu cha Baba,
miguu minne isiyokubaliana pa kwenda.
Mamaye alibaki mlimani,
macho yameshaliwa na kunguru.

Tukamlaza kando ya jiko, kwenye boksi la ndizi.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikamwita Doppa.
Mama akaninyooshea kidole kinachodondoka maziwa:
"Ukimpa jina, utamlipia."
Sikuuliza bei.

Chupa alfajiri, chupa adhuhuri,
chupa usiku wa manane, ambao kwetu Sandoy, mwezi wa Juni,
si usiku, ni mchana uliosahau kuvua viatu.
Alininyonya kidole hadi ngozi ikakunjamana.
Nilipotaka aje niligonga ulimi kwenye kaakaa,
mara mbili. Basi.

Alipopandishwa malishoni na wenziwe
nilisimama kwenye ukuta wa mawe, nikagonga,
na kati ya wale mia na arobaini
mmoja aliinua kichwa, akashuka mbio
kama aliyeitwa mezani.

Oktoba. Mjomba Hergeir amenoa kisu tangu jana.
Bunduki fupi ya utosini imepakwa mafuta,
ndoo ya damu ipo, na mwiko wa kukoroga isigande.
Siku ile hapigi mtu kelele.
Mbwa anafungwa mapema.
Hatuchinji mmoja mbele ya macho ya mwenziwe:
hiyo ndiyo heshima yetu,
na wageni huwa tunawasimulia sana.

Doppa alikataa kuingia zizini.
Alipanda jabali, amenona, sufu imejaa upepo,
akamtazama Hergeir na kamba yake,
hakusogea.
Mama hakusema neno. Alinigeukia tu.

Nikagonga ulimi.
Mara mbili.

Hakuumia, wanasema, nami naamini:
pumzi moja nzima, ya pili haikufika katikati.
Alikufa akinusa mfuko wangu.

Majira yote ya baridi paja lake lilining'inia bandani,
mbao zimeachana kwa makusudi
ili upepo wa chumvi uonje kabla yetu.
Krismasi nilikula.
Ilikuwa tamu.
Ningesamehe yote, ila hilo la kuwa tamu.

Sasa naishi Aarhus, ghorofa ya tano.
Dukani vidari vya kuku vimelala ndani ya plastiki,
vyeupe, visivyo na mwenyewe,
na juu yake picha ya nyumba nyekundu na jua linalocheka.
Frode wa kazini ananiambia:
heri huyo wako, aliyejua mvua na majani,
kuliko hawa elfu ishirini chini ya taa isiyozimwa.
Nakubali. Neno kwa neno nakubali,
na nikiwa na pesa nanunua nyama ya waliotembea.

Lakini kuku wa taa hakuwahi kumwamini mtu.
Doppa alipewa vyote, malisho, upepo, kidole changu,
na vyote vile vilikuwa njia ya kushukia jabali.
Asiyekujua hakuthamini, sawa.
Na aliyekujua, akakuita, akakula?

Sijaacha nyama. Sijui kama nasema hivyo kwa fahari
au kwa kukiri kosa.

Mama ana miaka sabini na tisa, kondoo kumi na mmoja.
Jana kwenye simu: "Mwaka huu nina yatima wawili jikoni.
Sijawapa majina. Hapana, safari hii hapana."
Kisha akaweka simu mezani atafute chupa,
akasahau kuikata,
nami nikasikia kwa mbali
ulimi ukigonga kaakaa,
mara mbili,
na kwato ndogo zikiteleza, zikikimbia
juu ya sakafu ya mbao.